Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto Mtaani: Namna ya Kuifufua na Kuiendesha

Kila kamati mpya inapoundwa maswali ni yaleyale. Jina langu limo kwenye kamati, sasa nafanya nini? Mke wa jirani amepigwa, tumwite mume ofisini? Familia mbili zimeshakubaliana mbuzi watatu na laki tano, sisi tuna sauti gani tena? Mwongozo huu ni wako wewe uliyeteuliwa juzi kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, ukapigiwa makofi, ukarudi nyumbani bila kupewa hata kalamu.

Ninazungumzia Tanzania Bara. Ukiwa Zanzibar utaanzia kwa sheha. Ukiwa Kenya utaanzia kwa chifu na wazee wa Nyumba Kumi, na fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kwa daktari, ambayo kwetu ni PF3, huko ni P3. Mengine mengi yanafanana.

Nadharia ni kidogo. Kamati hizi zinatokana na MTAKUWWA, yaani Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto. Awamu ya kwanza ilikuwa ya 2017/18 hadi 2021/22, na awamu ya pili ilizinduliwa 2024. Kabla ya mpango huo kila mradi uliokuja kijijini ulikuwa unaunda kamati yake na kuondoka nayo. Mpango uliziunganisha zikawa moja, kuanzia kijiji na mtaa, kata, halmashauri, mkoa hadi taifa. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya eneo lake. Kwa hiyo mtu akikuuliza umetumwa na nani kufuatilia ya watu, una jibu.

Kabla ya lolote, kamati ikubaliane kwamba haitahukumu. Kazi yenu ni kumfikisha aliyeumizwa kwenye huduma, upesi na kwa siri, na kubaki naye mpaka mwisho. Siku mtakayoanza kukaa mezani kupima nani ana kosa na faini iwe kiasi gani, mmeshakuwa sehemu ya tatizo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Mtaa au Kijiji, yenye majina ya wanakamati wote. Bila hiyo, askari wa zamu hana sababu ya kukusikiliza.
- Orodha ya simu: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, polisi kata, Afisa Ustawi wa Jamii, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, mganga mfawidhi wa kituo cha afya, wasaidizi wa kisheria wa karibu, na 116, ile namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Iandike kwenye karatasi. Simu huzima chaji usiku wa manane.
- Daftari mbili: moja la mihtasari ya vikao, la pili la matukio. La pili linakaa kwenye kufuli.
- Waendesha bodaboda wawili au dereva wa bajaji mmoja mnayemwamini, mliyekubaliana naye kwamba akiitwa usiku anakuja na hasimulii.
- Akiba ndogo ya nauli na salio. Michango ya wanakamati inatosha kuanzia.
- Khanga safi, pedi, na mifuko ya karatasi. Matumizi yake yako hatua ya 5.
- Nyumba moja au mbili ambazo mama na watoto wanaweza kulala usiku mmoja bila mtaa mzima kujua.

Usisubiri ofisi, kompyuta wala fulana.

Hatua ya 1. Uliza kama kamati ipo

Nenda kwa Mtendaji, kisha kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mara nyingi utaambiwa ipo na utaonyeshwa orodha yenye majina ya watu waliohama. Usiunde nyingine pembeni. Omba ile iliyopo ihuishwe kwenye mkutano mkuu unaofuata, na mwombe afisa akupe mwongozo wa serikali unaoeleza nani anaingia kwa nafasi yake na nani anachaguliwa.

Hatua ya 2. Pata watu ambao wanawake watawaendea

Nafasi za watendaji na viongozi zimeshapangwa, hapo huna la kufanya. Zinazobaki ndizo zitakazoamua kama kamati itakuwa hai. Kabla ya mkutano zungumza na wanawake wachache sehemu tofauti, kisimani, sokoni, kwenye VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), na uwaulize swali moja: ukipatwa na jambo zito usiku, ungemwendea nani? Majina yatajirudia. Hao ndio unaowataka, hata kama hawajui kuongea mbele ya watu.

Hakikisha yumo mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu anayeaminiwa na wanafunzi, mtu mmoja mwenye ulemavu, kijana wa kiume wa kijiweni, na viongozi wa dini zote mbili pale zilipo. Mimi naongeza mama lishe. Hakuna anayejua habari za mtaa kama yeye.

Kila mmoja aape kutunza siri, na papo hapo mkubaliane kwamba ndugu, shemeji au mdeni wa mtuhumiwa anakaa pembeni kwenye tukio hilo. Hii semeni mapema, wakati bado hakuna jina mezani. Ikisubiri tukio litokee, itaonekana ni tusi.

*Angalizo:* usimpe nafasi mtu kwa sababu tu ana sauti kubwa dhidi ya ukatili. Wengine sauti hiyo wanaitumia kufunika ya nyumbani kwao.

Hatua ya 3. Tembea njia yote kabla ya tukio

Hatua hii hurukwa, halafu saa nane usiku watu wanaanza kuulizana dawati liko wapi. Tuma wanakamati wawili wapite kila ofisi iliyo kwenye orodha. Polisi waulize: dawati likifungwa jioni, PF3 anatoa nani? Kituo cha afya waulize: nani anaruhusiwa kuijaza, na siku ambazo hayupo? Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa zipo hapa, au mpaka hospitali ya wilaya? Ustawi waulize: mtoto asiyeweza kurudi nyumbani anapokelewa wapi?

Uliza pia kama hospitali ya karibu ina Kituo cha Mkono kwa Mkono. Humo daktari, polisi na ustawi wako chini ya paa moja, na manusura anasimulia habari yake mara moja badala ya kuanza upya kila dirisha. Kikiwepo, kipeni kipaumbele hata kama nauli ni kubwa kidogo.

Mkirudi, andikeni njia hiyo kwenye ukurasa mmoja na kila mwanakamati apate nakala.

Hatua ya 4. Chora kalenda ya hatari ya eneo lenu

Ukatili una misimu yake. Kwenye korosho, fedha zikishalipwa, nyumba nyingi zinaingia matatani: mazao mama kalima, pesa baba kachukua, na ugomvi unaanza hapo. Kwenye pamba na mpunga ni hivyohivyo. Likizo ya Desemba ndiyo hatari kwa mabinti wa Tarime na Serengeti, kwa sababu ukeketaji husubiri shule zifungwe. Huko Mara kuna nyumba salama, kama za Mugumu na Masanga, ambazo mabinti hukimbilia kipindi hicho. Kanda ya Ziwa, mtoto akifariki ghafla au mvua ikikataa, bibi mwenye macho mekundu anaanza kunyooshewa kidole kwamba ni mchawi, na wekundu wenyewe aliupata kwa miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe.

Kaeni na karatasi, muandike miezi 12, na kwenye kila mwezi: pesa inaingia lini, ngoma za unyago na jando ni lini, shule zinafungwa lini, vilabu vya pombe vinajaa lini. Mikutano yenu na matembezi ya nyumba kwa nyumba yatangulie tarehe hizo kwa wiki kadhaa.

Hatua ya 5. Tukio likitokea: saa za kwanza

Hapa soma taratibu.

a) *Usalama.* Swali la kwanza kwa aliyeumizwa ni: leo utalala wapi? Kama mtuhumiwa ndiye mwenye nyumba, mtoto harudi kwenye nyumba hiyo, hata kama bibi analia na kuapa kwamba atamlinda.

b) *Sikiliza, usihoji.* Mtu mmoja tu azungumze naye, mahali pasipo na watu, na awe mwanamke ikiwa ndivyo anavyotaka. Mnahitaji kujua mambo matatu: kimetokea nini, nani, na lini. Basi. Mengine ni ya polisi na daktari. Mtoto usimuulize swali lenye jibu ndani yake, mfano "Ni mjomba ndiye aliyekushika, sivyo?" Mwulize "Kumetokea nini?" unyamaze. Mtoto akihojiwa na mwalimu, kisha mwenyekiti, kisha shangazi wanne, maelezo yanaanza kupishana, na upande wa utetezi utasema amefundishwa.

c) *Hospitali na polisi.* Kawaida mnapita polisi kuchukua PF3, ambayo ni bure, kisha hospitali. Lakini anayevuja damu, aliyezimia au aliyevunjika anakimbizwa hospitali moja kwa moja, na mwanakamati mwingine anaifuata PF3. Nimesikia mara nyingi watu wakisema hatutibiwi bila PF3. Kwenye dharura usikubali jibu hilo dirishani, mwone mganga mfawidhi.

d) *Saa.* Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na ni vyema zaidi zikianza mapema ndani ya muda huo. Zinamezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi hadi saa 120, na kila saa inayopita inavipunguzia nguvu. Kwa hiyo "tusubiri Jumatatu" ni jibu ambalo kamati isilitoe kamwe.

e) *Ushahidi.* Kwenye ubakaji au ulawiti: asioge, asijisafishe, asifue. Nguo alizovaa, kama ameshazibadilisha, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwenye khanga kavu. Usizitie kwenye nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini vifungashio havikosekani dukani na watu huvikimbilia. Unyevu unabaki ndani na ushahidi unaoza. Kama ameshaoga, mpelekeni vilevile na msimlaumu. Matibabu hayategemei hilo, na daktari bado anaweza kuona majeraha.

f) *Hiari.* Mtoto hana suala la hiari, taarifa inatolewa. Mtu mzima ni tofauti: mweleze njia zote na matokeo yake, kisha uamuzi wa kwenda polisi ni wake. Akisema leo anataka matibabu tu, mpeleke kwenye matibabu. Kumburuta kituoni ili kamati ionekane imefanya kazi ni kumnyang'anya uamuzi kwa mara ya pili.

*Angalizo:* msimkamate mtuhumiwa kwa fujo, msimvue shati, msimtembeze mtaani. Mwambieni polisi alipo.

*Angalizo la pili:* hakuna picha. Hakuna sauti iliyorekodiwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, hata ile ya "tuombeane". Sura ya mtoto ikishasambaa hairudi.

Hatua ya 6. Andika kidogo, andika sawasawa

Kwenye daftari la matukio usiandike hadithi nzima. Andika tarehe na saa mliyopokea taarifa, nani aliipokea, namba ya siri mliyompa manusura badala ya jina, huduma alizopelekwa na saa aliyofika, namba ya RB (ile ya kitabu cha taarifa) ya polisi, jina la askari anayeshughulikia, na tarehe ya kufuatilia. Majina halisi yakae kwenye karatasi nyingine, kwa mtu mwingine.

Hatua ya 7. Fuatilia mpaka mahakamani

Kamati nyingi hupeana mikono siku mtuhumiwa anapokamatwa. Kazi ngumu huanza siku hiyo. Kosa la kubaka lina adhabu isiyopungua miaka 30 jela, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Familia ya mtuhumiwa inalijua hilo vizuri kuliko nyinyi, na itatumia kila njia.

Kesi huanguka kwa mambo madogo ambayo kamati inaweza kuyazuia. Kubwa ni umri. Mashtaka yakisema binti ana umri chini ya miaka 18, umri huo lazima uthibitishwe. Tafuteni mapema cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Visipokuwepo, mzazi au ndugu anayejua alizaliwa lini awe tayari kusimama kizimbani na kusema. La pili ni mashahidi wasiofika kwa kukosa nauli au kwa kutojua tarehe. Akiba ile mliyochanga inafanya kazi hapa. La tatu ni binti "kwenda kumsalimia shangazi" mkoa mwingine wiki moja kabla ya ushahidi. Mkisikia safari ya namna hiyo, mwambieni askari anayeshughulikia kesi na Afisa Ustawi siku hiyohiyo.

Mtieni mtoto moyo pia. Kwenye makosa ya kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Wazazi wengi hawajui, wanadhani bila mtu aliyeshuhudia hakuna kesi.

Hatua ya 8. Shikeni amani ya mtaa wakati kesi inaendelea

Kesi moja ya ubakaji inaweza kugawa kijiji: koo kwa koo, wakati mwingine dini kwa dini, na mwaka wa uchaguzi chama kwa chama. Hapo ndipo wazee huja na sauti ya upole, "tuyamalize, tusiharibu undugu." Wanachoogopa ni cha kweli. Visasi vipo, nyumba huchomwa, wananchi wenye hasira huua mtu. Ila dawa yao ina kasoro: inamlipisha mtoto gharama ya utulivu wa wakubwa, na aliyefanya anabaki palepale akingoja mwingine.

Fanya hivi. Jioni ya siku ya tukio, wanakamati wawili waende kwa familia ya aliyeumizwa na wengine wawili kwa familia ya mtuhumiwa, ikiwezekana mmoja wao akiwa kiongozi wa dini anayeheshimiwa hapo. Ujumbe uwe mmoja kwa pande zote: suala liko polisi, hakuna atakayeguswa, hakuna atakayelipa wala kupokea chochote. Msiongeze neno. Mke na watoto wa mtuhumiwa hawana kosa, waambieni hivyo mbele ya majirani, na watoto wao waendelee kwenda shule bila kuzomewa.

Mtuhumiwa akipata dhamana, rudini tena siku hiyohiyo. Mtaa utasema "ametoa kitu kidogo," na hasira itapanda. Waelezeni kwamba dhamana si hukumu, kesi inaendelea, na akimsogelea binti au shahidi taarifa itatolewa polisi.

Jambo hili lina historia ya kujifunza. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilikuwa zinauana. Mwaka 1993 kundi la wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianza na kitu kidogo sana: soko liwe salama kwa mwanamke wa ukoo wowote kununua na kuuza. Wakaweka watu wa kuangalia, na tukio likitokea sokoni linapelekwa kwenye kamati kabla halijafika kwa vijana wenye silaha. Soko liliposhika, ndipo wakawaendea wazee wa koo, vijana na serikali, na kufikia 1995 ikawa kamati ya amani ya wilaya nzima. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007. Ninyi pia tafuteni "soko" lenu: kisima, njia ya shule, gulio la Jumamosi. Mahali pamoja ambapo pande zote mbili zinakubali kwamba hakuna atakayeguswa. Mkipalinda hapo, mna pa kuanzia.

Kuna la tumbo pia. Mtuhumiwa akiwa ndiye mleta unga, baada ya wiki mbili mama atakwenda kuomba kesi ifutwe, na mtamwita msaliti. Nendeni kwake siku ya tatu, kabla hajafika huko. VICOBA, msikiti, kanisa na majirani wanaweza kubeba nyumba moja kwa mwezi. Baadaye mwunganisheni na kikundi kinachoweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu.

Hatua ya 9. Zungumzeni kabla ya ngumi

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2022 ukakuta 27. Bado ni zaidi ya mmoja kati ya wanne, ila takwimu imeshuka, na mtu akikuambia "ndivyo tulivyoumbwa" una la kumjibu.

Kampala, Uganda, mpango wa SASA! uliendeshwa mitaani kati ya 2007 na 2012 kwa kutumia majirani wa kawaida, bila wataalamu wa kuja na kuondoka. Walizungumza kijiweni, saluni na majumbani, wakiuliza habari ya nani ana nguvu ndani ya nyumba na anaitumiaje. Mwishoni ukatili wa kimwili kutoka kwa wenza ulikuwa chini kwa asilimia 52 kwenye mitaa iliyopata mazungumzo kuliko ile ambayo haikupata. Ilichukua karibu miaka mitatu ya kurudi palepale.

Kwa hiyo punguzeni hotuba. Kwenye kijiwe cha bodaboda, chagua swali moja: "Mkeo akiuza mpunga bila kukuambia utafanya nini? Na wewe ukiuza?" Kisha nyamaza. Watabishana wenyewe, na yule mmoja atakayesema "mimi nyumbani tunapanga pamoja" ana uzito kuliko bango lako. Siku 16 za kupinga ukatili, 25 Novemba hadi 10 Desemba, zitumieni kutangaza namba za simu na njia ile ya hatua ya 3. Maandamano bila namba ni matembezi.

Mambo yakikwama

*Familia zimeshamalizana na fedha zimepokelewa.* Toeni taarifa vilevile. Makubaliano ya nyumbani hayafuti jinai. Yapo mashambulio madogo ambayo sheria inaruhusu yapatanishwe, lakini hata hayo mapatano husimamiwa na mahakama. Ubakaji, ulawiti, ukeketaji na mimba ya mwanafunzi havimo. Mgogoro wa matunzo au malezi, huo unaweza kwenda baraza la usuluhishi la ndoa, ila mke azungumze na msuluhishi akiwa peke yake kwanza.

*Mwenyekiti wa mtaa ni ndugu wa mtuhumiwa.* Msipoteze muda kugombana naye. Pandeni kata: Mtendaji wa Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii, polisi kata. Kama ni mtoto, pigeni 116 moja kwa moja.

*Askari anataka "ya mafuta".* Mwombe kwa heshima umwone mkuu wa kituo. Ikishindikana, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wana namba ya bure, 113. Barua yenye majina ya kamati inasaidia hapa, maana inaonyesha hujaja peke yako.

*Mama amerudi kwa mume.* Itatokea, na kwa wengine itatokea zaidi ya mara moja. Msimseme. Mwambieni mlango uko wazi, na mpange naye alama: akituma mtoto kuomba chumvi usiku, mnajua maana yake.

*Mwanafunzi ana mimba na hamtaji mhusika.* Msimtishe. Mara nyingi ameahidiwa matunzo, au mhusika ni mtu wa karibu sana. Mpelekeni kliniki kwanza, ustawi watazungumza naye taratibu. Mwambieni pia kwamba tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi shuleni. Wengi hunyamaza kwa kudhani masomo yameisha. Kwa upande wa mhusika, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yameweka miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari.

*Wanaume wanasema kamati ni ya kuwafunga.* Waulizeni watoto wao wa kiume wanalindwa na nani. Utafiti wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana zaidi ya 1 kati ya 10. Wavulana hawa karibu hawasemi kabisa. Baba anayejua hivyo husikiliza.

*Vikao vimekufa kwa sababu hakuna posho.* Punguzeni vikao. Kamati hai yenye watu watano wanaokutana dakika 40 kila mwezi ni bora kuliko orodha ya watu wengi wanaosubiri semina. Asiyefika mara tatu mfululizo bila sababu, aombwe kwa adabu ampishe mwingine.

*Uchaguzi wa serikali za mitaa umebadilisha viongozi.* Huja kila baada ya miaka mitano, wa mwisho ulikuwa 27 Novemba 2024, na kamati nyingi hufia hapo. Mwenyekiti anayeondoka anaondoka na mhuri, orodha na funguo. Msimpe daftari la matukio mtu anayegombea. Likae kwa mwanakamati asiye na cheo cha kisiasa, na wiki ya kwanza baada ya matokeo mwende kwa mwenyekiti mpya na ukurasa mmoja tu: kesi zilizo wazi, tarehe za mahakamani, na nani anamfuatilia nani.